Tuko Wapi? Jinsi Programu ya Kompyuta Inavyotambua Mahali Ilipo

Wengi wanaoanza kuandika programu za kompyuta hudhani kwamba kazi ngumu ni hesabu. Hesabu ikiwa sahihi, huamini kwamba na jibu litakuwa sahihi. Katika makala haya nitaeleza kosa ambalo halikuwa la hesabu hata kidogo. Kila jumla ilikuwa sahihi, kila wastani ulikuwa sahihi, na hata hivyo jedwali zima lilikuwa la uongo, kwa sababu programu haikujua ilikuwa mahali gani. Kosa hilo lilikuwa langu mwenyewe, na nusura liwapotezee wakulima mbegu za msimu mzima.

JEDWALI LILILOPELEKWA KAHE

Klabu ya sayansi ya shule moja ya sekondari katika sehemu za Moshi ilikuwa ikikusanya vipimo vya mvua kutoka mahali panne: Kahe, Moshi mjini, Kibosho na Marangu. Msomaji anayeijua nchi hiyo atatambua mara moja kwa nini mahali hapo palichaguliwa. Kahe iko chini, katika tambarare yenye joto iliyo kusini-mashariki ya mji wa Moshi. Kibosho na Marangu ziko juu, miteremkoni, kwenye migomba na kahawa. Mvua ya Kilimanjaro hubadilika sana kadiri mtu anavyopanda. Katika mteremko wa kusini, kwenye msitu ulio karibu na mwinuko wa mita 2,200, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tambarare iliyo chini yake hupata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Kwa hiyo mkulima wa Kahe hawezi kuitegemea mvua kama mwenzake wa juu anavyoitegemea. Humlazimu kuufikiria mfereji, mto na chemchemi kabla ya kuifikiria mbegu.

Niliombwa kuwasaidia wanafunzi hao. Niliwaandikia programu ndogo iliyoitwa `wastani`. Kazi yake ilikuwa kusoma faili la vipimo vya siku, kukokotoa wastani wa mvua wa kila mwezi, na kuandika jedwali. Baadaye wanafunzi, kwa bidii yao wenyewe, waliandika programu kubwa zaidi waliyoiita `zote`, ambayo iliiendesha `wastani` mara nne, mara moja kwa kila mahali. Wakachapa jedwali la Kahe, wakaandika jina la Kahe juu yake, tukalipeleka kijijini kwenye mkutano wa wakulima waliokuwa wakishauriana kama wapande mahindi kwa kutegemea mvua ya masika, au wasubiri zamu ya maji ya mfereji.

Mzee mmoja alilitazama jedwali kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, karatasi hii imeandikwa Kahe, lakini mvua iliyomo ni ya huko juu migombani. Mwezi wa nane sisi huku tunaona vumbi tu."

Tulifungua daftari la kipimo cha hapo hapo Kahe. Mzee alikuwa amesema kweli. Takwimu tulizozipeleka zilikuwa za Kibosho. Tuliporudi shuleni tuligundua kwamba majedwali yote manne yalikuwa sawasawa, tarakimu kwa tarakimu. Hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja na kuyalinganisha. Je, programu iliyofanya hesabu bila kosa iliwezaje kuchukua mvua ya Kibosho na kuipeleka Kahe? Ili kulijibu swali hili yatubidi kwanza tufahamu jinsi mafaili yanavyopangwa ndani ya kompyuta.

MTI WA SARAKA

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zinazosomeka kwa Kiswahili. Hata hivyo, maneno mengi ya fani hii bado hayajazoeleka shuleni, hivyo nitaeleza kila neno ninalolitumia.

Faili ni mkusanyo wa habari uliopewa jina. Saraka ni orodha ya majina ya mafaili, na orodha hiyo yaweza pia kuwa na majina ya saraka nyingine. Kwa hiyo saraka zote hufanya umbo la mti uliopinduliwa: mzizi uko juu na matawi yanashuka chini. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ukiwamo Linux, mzizi huandikwa kwa mkwaju mmoja, yaani `/`. Vipimo vyetu vilikuwa katika saraka iliyoitwa `/mvua`, na ndani yake mlikuwa na saraka nne: `kahe`, `moshi`, `kibosho` na `marangu`. Kila moja ilikuwa na faili lake lililoitwa `vipimo.txt`. Majina ya mafaili yalikuwa yale yale. Kilichoyatofautisha ni saraka yalimokuwa.

Faili laweza kutajwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutaja jina lote kuanzia mzizini, mathalani `/mvua/kahe/vipimo.txt`. Hii huitwa njia kamili. Njia ya pili ni kutaja `vipimo.txt` tu. Hii ni njia tegemezi, kwa kuwa maana yake hutegemea mahali msemaji alipo. Ni kama mtu anavyosema "nakwenda sokoni." Akiyasema maneno hayo Himo, ana maana ya soko la Himo, akiyasema Moshi mjini, ana maana ya soko jingine kabisa. Maneno hayakubadilika, lakini msikilizaji asiyejua msemaji yuko wapi hawezi kufika.

Ndiyo sababu kila programu inayoendeshwa hupewa saraka moja ihesabike kuwa imesimama humo. Hiyo huitwa saraka ya sasa. Kila njia tegemezi huanzia hapo.

NANI ANAYEJUA UKWELI?

Sehemu ya mfumo inayotawala kumbukumbu, diski na programu zote huitwa kiini. Kiini ndicho kinachotunza saraka ya sasa ya kila programu. Ni muhimu kufahamu kwamba kiini hakikutegemea jina katika kuitunza. Kila saraka katika diski ina namba yake ya utambulisho, na kiini huikumbuka saraka yenyewe, si maneno tunayoiitia. Hata mtu mwingine akiibadilisha jina wakati programu imesimama ndani yake, programu hiyo itabaki pale pale ilipokuwa.

Hapo zamani programu iliyotaka kulijua jina la mahali ilipo ililazimika kufanya kazi ya upelelezi. Kila saraka ina alama ya nukta mbili, `..`, inayoonyesha saraka mzazi wake. Programu ilisoma kwanza namba ya saraka iliyomo, kisha ikapanda kwa mzazi na kutafuta katika orodha yake ni jina gani lenye namba hiyo. Ikiliona, ililiandika, ikapanda tena. Iliendelea hivyo mpaka ilipofika mzizini, ambako nukta mbili huonyesha mzizi wenyewe, kwa kuwa mzizi hauna mzazi. Majina yale yakipangwa kuanzia la mwisho kupatikana hadi la kwanza, njia kamili imepatikana. Siku hizi katika Linux kiini chenyewe hutoa jibu kwa ombi moja tu, liitwalo `getcwd`. Ombi hilo hupatikana katika karibu lugha zote za programu. Katika Python huandikwa `os.getcwd()`.

VIGEU VYA MAZINGIRA

Sasa tuje kwenye njia ya pili ya kujua mahali, ile iliyotuponza.

Mtumiaji anapoandika amri kwenye kioo cha kompyuta, hasemi na kiini moja kwa moja. Husema na programu iitwayo ganda, kwa sababu imekizunguka kiini kama ganda linavyoizunguka nazi. Ganda husoma amri, kisha huzaa programu nyingine ya kuitekeleza. Programu iliyozaa huitwa mzazi, na iliyozaliwa huitwa mtoto.

Mtoto hurithi vitu kadhaa kutoka kwa mzazi. Kimoja ni saraka ya sasa: mtoto huanza kazi akiwa amesimama pale aliposimama mzazi. Kingine ni furushi la maandishi mafupi, kila moja likiwa na jina na thamani, kama vile `HOME=/home/mwalimu`. Maandishi haya ndiyo vigeu vya mazingira. Kigeu, kama katika aljebra, ni jina linaloweza kupewa thamani hii au ile. Mazingira ni jumla ya vigeu ambavyo mzazi humfungia mtoto wake safarini. Utaratibu huu uliingizwa katika Toleo la Saba la Unix lililotolewa mwaka 1979, na tangu hapo umeenea karibu katika mifumo yote ya kompyuta.

Furushi hilo lina tabia tatu ambazo mwanafunzi yampasa azishike.

Kwanza, ni nakala. Mtoto akibadilisha thamani ya kigeu, furushi la mzazi halibadiliki.

Pili, hurithiwa kwenda chini tu. Mjukuu hupokea kwa mtoto, mtoto hupokea kwa mzazi. Hakuna kinachopanda juu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kiini hakihakikishi kilichomo. Kiini ni kama tarishi: huchukua furushi na kulifikisha, lakini hakilifungui kuona kama maneno yaliyoandikwa ndani ni ya kweli.

KIGEU KIITWACHO PWD

Miongoni mwa vigeu hivyo kimo kimoja kiitwacho `PWD`. Thamani yake ni njia kamili ya saraka ya sasa. Jirani yake, `OLDPWD`, hutunza saraka ya kabla ya hiyo, na ndicho kinachomwezesha mtumiaji kurudi alikotoka kwa kuandika `cd -`. Programu yoyote yaweza kukisoma kigeu cha `PWD` kwa urahisi. Katika Python huandikwa `os.environ["PWD"]`. Kwa mtu mwenye haraka hili huonekana kuwa jibu zuri la swali letu: ukitaka kujua ulipo, soma `PWD`.

Lakini tujiulize: ni nani anayeandika thamani hiyo? Si kiini. Ni ganda. Mtumiaji anapoamuru `cd /mvua/kahe`, ganda hufanya mambo mawili. Hukiomba kiini kihamishe saraka yake ya sasa, kisha huandika jina jipya katika `PWD`. Jambo la kwanza ni tendo la kuhama. La pili ni kumbukumbu ya tendo hilo. Programu nyingine, isiyo ganda, ikihama kwa kukiomba kiini, tendo litafanyika lakini kumbukumbu itabaki ya zamani. Hakuna atakayeisahihisha.

Jambo hili la mzazi na mtoto liliwahi kuwatatiza hata mabingwa. Unix ilianza kujengwa mwaka 1969 na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara ya Bell, Marekani. Ritchie alisimulia baadaye kwamba, walipoanzisha utaratibu wa ganda kuzaa programu mtoto kwa kila amri, amri ya kuhama saraka iliacha kufanya kazi. Wakaichunguza, kisha wakaielewa sababu: amri hiyo ilikuwa ikitekelezwa na mtoto. Mtoto alihama kweli, kisha akamaliza kazi yake akafa, na mzazi akabaki pale pale aliposimama. Dawa ikawa kulifanya ganda lenyewe litekeleze amri hiyo bila kuzaa mtoto, na ndivyo ilivyo hadi leo.

KOSA LILIVYOTOKEA

Sasa msomaji anaweza kuifuata hatua kwa hatua safari ya mvua ya Kibosho.

Katika programu ya `wastani` nilikuwa nimeandika kwamba faili la vipimo litafutwe kwa kuchukua thamani ya `PWD` na kuongeza `/vipimo.txt`. Lakini jedwali niliagiza liandikwe kwa njia tegemezi, yaani `jedwali.txt` tu. Kwa hiyo programu moja ilikuwa na njia mbili za kujibu swali moja. Iliposoma ililitegemea furushi. Ilipoandika ilikitegemea kiini.

Wakati wa majaribio hatukuona dosari. Kila mwanafunzi aliandika `cd` kwa mkono wake, akaingia katika saraka aliyoitaka, kisha akaiendesha `wastani`. Ganda lilihama na kuandika `PWD` sawasawa. Furushi na kiini vilikubaliana.

Kisha ikaja `zote`, iliyoandikwa kwa Python. Iliingia katika saraka ya kwanza kwa amri ya `os.chdir`, ikaizaa `wastani`, ikahamia ya pili, ikaizaa tena, na kadhalika. `os.chdir` hukiomba kiini tu. Haigusi kigeu cha `PWD`. Mwanafunzi aliyeiendesha alikuwa amesimama katika `/mvua/kibosho`, na hilo ndilo jina lililokuwamo katika furushi tangu mwanzo hadi mwisho. Mara zote nne `wastani` ilisoma vipimo vya Kibosho, na mara zote nne ikaandika jedwali katika saraka ambamo kiini kiliisimamisha: Kahe, kisha Moshi, kisha Kibosho, kisha Marangu.

Hakuna onyo lililotokea kwenye kioo, kwa kuwa faili lililotafutwa lilikuwapo na lilisomeka. Kosa linaloisimamisha programu hujitangaza lenyewe. Kosa la namna hii halijitangazi. Laweza kusubiri mpaka mbegu ziwe ardhini. Sisi lilitufichukia kwa sababu mzee mmoja aliijua nchi yake kuliko karatasi yetu.

Marekebisho yalikuwa ya mstari mmoja. Mahali pa `os.environ["PWD"]` niliandika `os.getcwd()`. Majedwali yakatoka manne tofauti, na la Kahe likalingana na daftari la Kahe.

STESHENI MOJA, RELI MBILI

Huenda msomaji akauliza: kama `PWD` chaweza kudanganya, kwa nini kisifutwe? Jibu ni kwamba kigeu hiki kina faida ambayo kiini hakiwezi kuitoa. Kahe yenyewe inatupa mfano.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita Kahe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga reli nyingine kutoka Voi kupitia Taveta, na mwaka 1916 ikaungana na ile ya kwanza hapo Kahe. Hivyo stesheni ilikuwa moja, lakini iliwezekana kuifikia kwa njia mbili. Ukimwuliza msimamizi wa stesheni "hapa ni wapi?" atakujibu "Kahe." Lakini abiria anayetaka kurudi kwao anataka jambo zaidi: anataka kukumbuka kama alikuja kwa njia ya Tanga au kwa njia ya Voi.

Katika kompyuta pia saraka moja yaweza kufikiwa kwa majina mawili. Tangu toleo la 4.2BSD la Unix la mwaka 1983, mtu aweza kuweka kiungo, yaani jina linalosema "ninachokitaja kiko kule." Tuseme mwalimu ameweka kiungo `/masomo/jiografia` kinachoelekeza kwenye `/mvua/kahe`. Mwanafunzi akiandika `cd /masomo/jiografia`, kiini kitamsimamisha katika saraka ya `/mvua/kahe`, kwa kuwa ndiyo saraka yenyewe. Lakini `PWD` kitasema `/masomo/jiografia`, kwa kuwa ndiyo njia aliyopitia. Hakuna aliyesema uongo. Kimoja kimejibu "uko wapi," kingine kimejibu "umepitia wapi."

Kwa sababu hiyo amri ya `pwd` ina sura mbili. `pwd -L` hutoa njia aliyoipita mtumiaji, na `pwd -P` hutoa mahali halisi, viungo vyote vikiwa vimefuatwa hadi mwisho. Mwandishi wa programu yampasa ajue ni lipi kati ya maswali hayo mawili analouliza.

Kanuni za POSIX, ambazo zilianza kutolewa mwaka 1988 ili kuilinganisha mifumo ya jamii ya Unix, zimeweka utaratibu wa busara kuhusu jambo hili. Ganda linapozaliwa hukiangalia kigeu cha `PWD` lililokirithi. Hukikubali iwapo tu kinataja njia kamili, hakina nukta za `.` wala `..` ndani yake, na njia hiyo inafika kweli katika saraka ya sasa. Lisiporidhika, hukitupa na kukiuliza kiini. Kwa maneno mengine, ganda huupokea ushahidi wa kurithi kwa heshima, lakini haliuamini kabla ya kuupima. Programu nyingi nyingine hazifanyi upimaji huo, na mwandishi wake asipoukumbuka, hakuna atakayeufanya.

MFUMO WA WINDOWS

Shule nyingi zina kompyuta zenye mfumo wa Windows, na huko mambo ni tofauti kidogo. Katika dirisha la amri mtumiaji aweza kuandika `echo %CD%`, naye ataonyeshwa saraka ya sasa. Kwa sura, `CD` hufanana na kigeu cha mazingira, lakini kwa kweli hakimo katika furushi. Ukiandika `SET` ili kuorodhesha vigeu vyote, hutakiona. Dirisha la amri ndilo linaloitengeneza thamani yake papo hapo kila inapoulizwa. Programu ya Python ikikitafuta katika `os.environ` haitakipata.

Upo pia mtego mwingine. Mtu akiandika kwa mkono `SET CD=C:\mvua`, basi tangu hapo `%CD%` kitatoa maneno hayo tu, hata akihamia kwingine. Kitu kilichokuwa kikifuata ukweli kitakuwa kimegeuka maandishi yaliyoganda. Kwa upande mwingine `os.getcwd()` hufanya kazi katika Windows kama katika Linux. Hiyo ni sababu nyingine ya kuizoea.

MAJARIBIO YA DARASANI

Mwalimu aweza kuyaonyesha haya yote kwa kompyuta moja yenye Linux. Wanafunzi watabiri jibu la kila jaribio kabla ya kubonyeza.

Jaribio la kwanza. Andika `pwd`, kisha `(cd /tmp; pwd)`, kisha `pwd` tena. Mabano huzaa ganda mtoto. Mtoto atasema yuko `/tmp`, lakini mzazi atabaki alipokuwa. Hili ndilo fumbo lililowatatiza wajenzi wa Unix.

Jaribio la pili. Andika `PWD=/mwezini printenv PWD`. Programu ya `printenv` itatangaza `/mwezini` bila haya, kwa kuwa husoma furushi tu. Kisha andika `PWD=/mwezini sh -c 'echo $PWD'`. Safari hii mtoto ni ganda. Litakipima kigeu, litaona hakina ukweli, na litatoa jina sahihi la mahali.

Jaribio la tatu. Fungua madirisha mawili ya amri. Katika la kwanza, tengeneza saraka iitwayo `kahe` na uingie ndani yake. Katika la pili, ibadilishe jina iwe `kahe-mpya`. Rudi katika la kwanza, uandike `echo $PWD`, kisha `/bin/pwd -P`. Ganda litataja jina la zamani. Kiini kitataja jina jipya. Wanafunzi waeleze kwa maneno yao wenyewe kwa nini majibu hayo yametofautiana.

MAMBO YA KUZINGATIA

Mwanafunzi anayeandika programu akumbuke haya yafuatayo. Akitaka kujua mahali programu iliposimama, akiulize kiini kwa `getcwd`. Akitaka kumwonyesha mtumiaji njia aliyoipita, aweza kutumia `PWD`, lakini kwanza ahakikishe kwamba kinaelekeza kwenye saraka ile ile. Asichanganye saraka ya sasa na saraka ambamo programu yenyewe imehifadhiwa. Aghalabu hayo ni mahali pawili tofauti. Kazi zinazoendeshwa na saa usiku, kama zile za `cron`, huanzia katika saraka ya nyumbani ya mtumiaji, wala si pale alipokuwa wakati akiziandika. Aidha, ndani ya programu moja, swali moja lijibiwe kwa njia moja. Laiti `wastani` ingeisoma na kuiandika kwa njia ile ile, ama ingefanya kazi sawasawa, ama yale majedwali yangerundikana yote katika saraka ya Kibosho, na kila mtu angeliona kosa siku hiyo hiyo.

Msimu huo wakulima wa Kahe waliamua kuisubiri zamu ya maji. Wanafunzi waliwapelekea jedwali jipya, na safari hii walilichukua pamoja na daftari la kipimo, wakaviweka juu ya meza bega kwa bega. Mzee yule alisoma mwezi wa nane kwanza.